Mstari Niliouita Usafi Mdogo

Mwanangu Kombo,

Sweta iko chini ya begi, dawa ya tumbo iko mfuko wa pembeni, na mengine ya namna hiyo atakwambia shangazi yako huko Tumbe, maana najua hakuachii utoke kwake kabla hajamaliza orodha yake. Mimi sina ya sweta. Nina muda wa saa tatu hivi mpaka mrudi, na nina jambo moja ambalo nimelinyamazia miaka mitano.

Kwa saa tatu hizi kompyuta nayo ina kazi yake. Ulipopanda vespa na baba yako baada ya Adhuhuri kwenda kumuaga shangazi, nilikaa hapa mezani nikafungua lile ombi lako la mabadiliko la asubuhi. Uliniomba nibonyeze kitufe cha kukubali kabla hujasafiri kesho kwenda kwenye kazi yako mpya. Sikukibonyeza. Niliamuru majaribio yote ya programu yetu, Kengele, yaendeshwe kwenye mashine hii kongwe, yote, si yale arobaini na moja yaliyochaguliwa na kiteuzi chako. Feni inavuma tangu saa hiyo, nambari zinapanda polepole pembeni mwa kioo, na mimi nimechukua kalamu kwa sababu mikono inataka kazi.

Utakasirika. Asubuhi tulishaanza kugombana, na nayaandika maneno yetu yalivyokuwa, usije ukasema mama yako anajipendelea.

"Mama, yote ya nini? Kiteuzi kimetazama nilichogusa, kikachagua majaribio yanayohusika, yote yamepita kijani. Dakika mbili tu."

"Na yaliyobaki?"

"Yaliyobaki hayahusiki."

"Nani kakwambia?"

"Msimbo wenyewe. Si weye ulonifundisha niamini msimbo kuliko mdomo wa mtu?"

"Mie nilikufundisha mengi. Mengine nilikosea."

Ukaangua kicheko. "Baba! Njoo haraka, Bi Raya anakiri kosa! Lete na shahidi wa pili, mmoja hatoshi!"

Baba yako akacheka huko jikoni mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Ulidhani nimenuna kwa sababu ya safari.

Nitaeleza kila kitu kama namweleza mgeni asiyejua hata kompyuta inawashwa wapi. Barua hii ina msomaji wa pili, nitakwambia mwishoni ni nani.

Kengele niliianzisha nikiwa nasomesha hesabu hapa Chake Chake. Ni programu ndogo inayokaa kwenye simu ya mgonjwa na kumkumbusha wakati wa dawa. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, niliuweka wazi tangu siku ya kwanza, kila mtu ausome, autumie, aurekebishe. Niliwatukana hadharani wote walioniambia niuze. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa ukilala chini ya meza hii hii. Vituo vya afya vya kisiwa hiki vikaichukua, kisha wakaichukua watu wa nchi ambazo sijakanyaga.

Programu ikikua, hofu nayo inakua. Ukigusa hapa, kule kunaanguka. Ndiyo maana tunaandika majaribio: vijiprogramu vinavyoiuliza programu kubwa maswali ambayo majibu yake tunayajua. Ikijibu sawa, kijani. Ikikosea, nyekundu. Kila mtu akileta mabadiliko, mashine inauliza maswali yote upya kabla hatujayapokea. Tulianza na majaribio kumi. Baada ya miaka michache kuyamaliza yote kulichukua mchana mzima.

Na wanaoleta mabadiliko ni nani? Hawalipwi, hawa. Ni watu waliotoka kazini wamechoka. Mmoja alikuwa Shaame, muuguzi wa kituo cha Mtambile, aliyejifundisha kuandika msimbo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa akinipigia: "Bi Raya, nimerekebisha herufi moja. Herufi moja! Nasubiri kijani tangu jana." Alikuwa na haki. Kumsubirisha mtu wa kujitolea siku nzima kwa herufi moja ni kumwambia aende zake.

Kwa hiyo nikaandika orodha kwa mkono wangu. Likiguswa faili hili, endesha majaribio haya. Likiguswa lile, endesha yale. Kuteua badala ya kuendesha yote. Majaribio mazito kuliko yote yalikuwa ya Ramadhani, kwa sababu yanapita mwezi mzima siku baada ya siku, na kila siku yanaiwasha programu nzima kutoka nje, vile vile mgonjwa anavyoiwasha. Nikaandika mstari mmoja: majaribio ya Ramadhani yarukwe, isipokuwa faili la Ramadhani lenyewe limeguswa. Mchana mzima ukawa dakika kumi. Nilisifiwa. Mtu mmoja wa ng'ambo akaandika kwenye jukwaa la mradi kwamba kuteua majaribio ni kubahatisha kwa adabu. Nikamjibu kurasa nne. Nilimpasua vipande. Hakurudi tena, na mimi nikahesabu kimya chake kuwa ushindi.

Nimeshinda mabishano mengi, Kombo. Sijawahi kukaa nikatazama ni mangapi nilikuwa na haki.

Sasa jambo la saa. Kompyuta inahesabu tangu usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, na saa moja yetu ni saa saba yake. Watu wetu wakiambiwa na simu "saa nane mchana" wajue ni saa nane, wasianze kutoa na kuongeza wakiwa na kichwa kinachouma. Nilipigania hilo kuliko chochote katika mradi ule. Wapo walionishauri tuwazoeshe wazee kuhesabu kama mashine. Niliwaambia mashine ndiyo iliyokuja mwisho, yenyewe ndiyo ijizoeshe. Hilo silijutii mpaka leo. Ila ina maana kwamba ndani ya Kengele kuna mahali saa zimeandikwa kwetu na mahali zimeandikwa kimashine, na katikati kuna nyongeza ya saa sita. Ratiba ya Ramadhani niliiandika mwenyewe kwa saa zetu, na ni mimi peke yangu niliyejua.

Shaame akaona kosa. Wagonjwa wake wa asubuhi walikuwa wakipata nyakati mbili zinazogongana kwenye ujumbe mmoja. Akafuatilia, akakuta nyongeza ya saa sita inajirudia, akaiondoa palipozidi. Aligusa faili la saa tu. Orodha yangu ikateua majaribio ya faili la saa. Yote kijani. Nikasoma, nikakubali, nikamwandikia "Kazi safi." Ilikuwa Shaabani.

Ramadhani ikaingia.

Bi Kazija wa Gombani alikuwa mgonjwa wa sukari, na kituo chake kilikuwa kimempangia sindano ya insulini wakati wa futari, saa kumi na mbili u nusu jioni. Siku ya kwanza ya mfungo simu ililia saa sita u nusu mchana. Ujumbe ukasema wakati wa sindano umefika. Alikuwa jikoni anachambua mchele, tumbo tupu tangu daku. Akajidunga. Jirani aliyekuja kuazima kinu alimkuta sakafuni, jasho linamtiririka, haongei. Wakampaka asali kwenye fizi mpaka gari ikapatikana. Roho ilibaki. Nyonga ilivunjika.

Wewe ulikuwa kidato cha nne, unakumbuka simu niliyopigiwa, unakumbuka nilivyotoka na ushungi upande. Uliyokuwa huyajui ni haya. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wagonjwa wa Gombani siku ya kuwagawia programu, nikawaambia: "Saa za ukutani zinakufa betri. Kengele haifi. Fuateni simu." Nilisema kwa ukali, kama navyosema kila kitu.

Nikaenda kumtazama. Alikuwa amelazwa, mguu umefungwa, sauti nyembamba.

"Mwanangu, simu ilisema, nami nikatii," akaniambia. "Nikajiuliza, mbona jua liko kati? Nikasema hasha, kwani si weye ulotwambia tusitazame ukutani?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kosa la mashine. N'takasirikia bati?"

Nikamnyooshea shuka. Akaniuliza: "Au kuna mtu alotia mkono?"

"Kuna muuguzi mmoja wa Mtambile," nikasema. "Aligusa asichokijua."

"Msimtese sana," akasema Bi Kazija. "Nae ana mamake."

Nilitoka pale nikaja nikakaa mezani, na unajua nilichoandika, kwa sababu ulikisoma mara nyingi kuliko mimi. Ile makala. Nilimtaja kwa jina. Niliandika kwamba programu huria haimaanishi mlango usio na komeo, kwamba kuna watu mikono yao inagusa bila kujua, na kwamba uzembe wa mtu mmoja wa Mtambile umemlaza mama mzima sakafuni. Ilikuwa makala nzuri. Hilo ndilo linalonitia haya: ilikuwa nzuri, kila sentensi imekaa. Watu waliituma huku na huko. Shaame alijibu mstari mmoja tu: "Nimesikia. Naomba radhi kwa Bi Kazija." Kisha akajiondoa kwenye mradi, na kwa nilivyosikia akafuta kila kitu kwenye ile simu yake ya kioo kilichopasuka.

Ulikuja kwangu ukaniambia, "Mama, umemmaliza." Ulikuwa umesimama hapo mlangoni na macho yanang'aa. Uliisimulia shuleni. Na hapo ndipo ulipoanza kutaka kuijua kazi hii, ukitaka kuandika msimbo ambao watu kama Shaame hawawezi kuuharibu.

Wiki sita baadaye Idi ilikuwa imepita, nimetulia, nikauliza swali ambalo mwalimu wa hesabu alipaswa kuliuliza siku ya kwanza. Kwa nini majaribio yalikuwa kijani? Jaribio la sindano ya futari lilikuwepo. Nililiandika mwenyewe. Lingeendeshwa siku ile, lingewaka jekundu mbele ya macho yetu wote wawili, wiki nzima kabla ya mwezi kuandama. Nikafungua orodha ya uteuzi. Mstari ulikuwa pale: Ramadhani, ruka. Jina langu pembeni yake.

Marekebisho ya Shaame yalikuwa sahihi, Kombo. Alichokiondoa kilistahili kuondolewa. Ratiba moja tu ilikuwa ikiiegemea nyongeza ile kwa siri, na siri ilikuwa yangu. Na mlango wa kuionyesha siri hiyo ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni mimi.

Niliitazama ile skrini mpaka chai ikaota ngozi. Kisha nilifanya kitu ambacho ningekikuta kwa mtu mwingine ningemwandikia kurasa nne. Niliufuta ule mstari. Nikatia nyongeza ya saa sita upande wa ratiba ya Ramadhani, peke yake, bila neno la maelezo juu yake. Na mahali pa kueleza nilichobadilisha na kwa nini, pale ambapo kila mchangiaji namlazimisha aandike aya nzima, mimi nikaandika maneno mawili: usafi mdogo.

Hakuna aliyeuliza. Nani angemuuliza Bi Raya?

Umeme umecheza hapa mara mbili nikiandika, na betri ya hii mashine unaijua. Haijazima. Inaendelea.

Najua unajiuliza kwa nini sasa. Sitakudanganya kwamba nimeamka tu na moyo mwema. Mwezi uliopita nilikwenda Mtambile kutazama simu ya kituo iliyokuwa inasumbua. Sikujua ni zamu yake. Nikamkuta anakunja bandeji, amenenepa kidogo, mvi zimemuingia pembeni.

"Assalamu alaykum, Shaame."

"Waalaykum salaam, Bi Raya. Karibu. Simu iko mezani, hiyo yenye mpira."

Nikaishika ile simu. Nilimaliza tatizo lake kwa dakika tano, kisha nikajifanya sijamaliza.

"Hutaki kurudi?" nikamuuliza. "Kombo ametengeneza kiteuzi kipya. Hakuna kusubiri siku hizi."

"Kombo wako? Yule mdogo? Mashallah." Akaendelea kukunja. "Mie sirudi, Bi Raya. Mkono wangu unagusa bila kujua. Si ndivyo ulivyoandika? Nisije nikaua mtu mara hii."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja kabila lake.

Kisha akasema, "Ila nna swali moja, nimekaa nalo. Kwa nini yalikuwa kijani? Nilijiuliza mwaka mzima. Nilikuwa naamka nalifikiria hilo. Weye ulipata kujua?"

Kombo, alinifungulia mlango. Alikuwa mbele yangu na bandeji mkononi, ananiuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kooni mwangu.

"Mambo ya mashine," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Mambo ya mashine. Utakunywa soda?"

Nikainywa soda yake.

Hiyo ndiyo iliyonikaa. Sijui kama kuna kitabu kinachoeleza mtu anayekunywa soda ya aliyemdhulumu. Nimesoma vingi na sijakiona.

Sasa nikwambie kuhusu kazi unayoiendea. Wamekuchukua kwa sababu ya hicho kiteuzi. Utakaa na watu wenye mashine elfu kwa hii yetu moja, mradi unaopokea mabadiliko mengi kwa siku moja kuliko Kengele kwa mwaka, na watakwambia kwamba kuendesha yote kila mara hakuwezekani. Wana haki, na usinielewe vibaya: sikuandikii kukwambia kuteua ni dhambi. Kungekuwa dhambi, Shaame angekuwa bado anasubiri kijani cha herufi moja. Anayedai yote yaendeshwe kila mara ni mtu mwenye mashine nzuri na muda mrefu, na mimi sitaki programu huria iwe ya watu wa namna hiyo peke yao. Ningeweza kubishana juu ya hilo mpaka Isha.

Ninachokigombania na wewe ni kidogo zaidi, na ni kigumu zaidi. Uliponiambia "yaliyobaki hayahusiki," ulisema kwa sauti yangu. Ile ile. Kijani haisemi kwamba uko salama. Inasema yale uliyoyauliza yamejibiwa vizuri. Basi na yale usiyoyauliza yaandikwe yaonekane, kila moja kwa jina, na pembeni yake jina la aliyeamua lirukwe na sababu yake kwa maneno kamili. Na mara moja kwa siku, mashine ikiwa haina kazi, yote yaulizwe. Watakuona mkongwe. Acha wakuone.

Nambari zimebaki chache. Naweka kalamu.

Nimerudi. Yamekwisha.

Moja ni jekundu.

Nilisoma jina lake nikasimama, nikaenda hadi uani, nikarudi nikalisoma tena. Jaribio la sindano ya futari. Lilitarajia 18:30. Limepata 12:30, yaani saa sita u nusu mchana kwetu.

Nimefungua ombi lako mstari kwa mstari, kitu ambacho nilipaswa kukifanya asubuhi badala ya kununa. Na nimekuta. Katika kusafisha ulikosafisha umeikuta nyongeza ya saa sita iliyosimama peke yake kwenye ratiba ya Ramadhani. Umeandika hivi, nanukuu maneno yako: "Nimeiondoa. Haina maelezo, na kiteuzi kinaonyesha haiguswi na jaribio lolote."

Kiteuzi chako kinafuata majina. Kinatazama jaribio linaita faili gani, na faili hilo linaita lipi. Jaribio la Ramadhani haliliiti faili lolote kwa jina. Linaiwasha programu nzima kutoka nje, kama Bi Kazija alivyoiwasha. Kwa hiyo uzi unaowaunganisha kiteuzi hakiuoni, kama orodha yangu ya mkono ilivyokuwa haiuoni. Umejenga kitu bora mara mia kuliko changu, na kina upofu ule ule, mahali pale pale.

Na ungejuaje? Wewe husoma historia ya kila mstari kabla hujaugusa. Nimekuona ukifanya hivyo, hakuna ninayemjua anayesoma kama wewe. Ulikwenda kwenye mstari ule, ukatafuta nani aliuweka na kwa nini, na ukakuta mama yako amekuandikia: usafi mdogo. Ukaamini. Ningeandika siku ile, "Usiiondoe nyongeza hii, jaribio lake linatokea nje na orodha yangu ililificha, na kwa sababu hiyo mama mmoja alianguka Gombani," usingegusa. Ungekijenga kiteuzi chako kikiijua hatari hiyo tangu msingi.

Ramadhani imebaki wiki tatu. Ningebonyeza kile kitufe ulichoniomba, wewe ungekuwa ndani ya boti, na Bi Kazija angekuwa na simu. Bado anaitumia. Anasema ameizoea.

Ungekuja kujilaumu wewe, Kombo. Ungekuwa Shaame. Na mimi sina hakika, naandika hili na naliona nikiliandika, sina hakika kwamba nisingekuachia lawama hiyo.

Haya ndiyo niliyoyafanya mpaka sasa. Ombi lako nimelirudisha, na lile jekundu limebandikwa juu yake watu wote walione. Silirekebishi mimi. Utalirekebisha wewe, na utaandika aya nzima, na nitaisoma kwa ukali kama navyosoma ya kila mtu. Kisha nimekwenda kwenye jukwaa la mradi, juu kabisa ya ile makala yangu, nikabandika mistari michache. Kwamba marekebisho ya Shaame yalikuwa sahihi. Kwamba jaribio lililokuwa limlinde nililificha mimi, kwa mstari huu, wenye jina langu. Kwamba nililijua hilo wiki sita baada ya kumchafua na nikalifunika. Sikuweka "lakini" hata moja. Iliniuma kuliko kurasa zote nilizowahi kuandika, na ni andiko baya, halina mdundo. Watu wameshaanza kujibu. Mmoja ni yule wa ng'ambo wa kubahatisha kwa adabu; kumbe alikuwa akisoma miaka yote hii. Sijafungua alichosema.

Kwa Bi Kazija nakwenda Gombani leo leo baada ya Magharibi, kwa miguu yangu. Nitamwambia alikuwa na haki kulitazama jua.

Amebaki mmoja, na hapo nakuhitaji.

Boti ya kesho ni saa tatu asubuhi, na Mtambile iko njia ya kwenda bandarini Mkoani. Nimeuliza: zamu yake inaisha saa moja asubuhi. Tutatoka mapema, baba yako nimeshampangia gari ya kaka yake. Tutasimama kituoni. Barua hii utaichukua wewe, na msomaji wake wa pili ni Shaame. Utamsomea, yote, kwa sauti, mpaka na pale pa soda.

Sitamsomea mimi. Nimefikiri sana juu ya hilo mchana huu. Nikifungua mdomo nitaeleza. Nitaeleza orodha, nitaeleza mashine za zamani, nitaeleza jinsi mtu anavyochoka mwezi wa Ramadhani, na unanijua, nitaeleza vizuri. Baada ya robo saa Shaame atakuwa ananibembeleza mimi. Nitakuwa nimeshinda. Sitaki kushinda kesho.

Kwa hiyo nitakaa kwenye lile benchi la wagonjwa, mikono mapajani. Akisema neno, nitalipokea. Akinyamaza, tutanyamaza naye mpaka muda wa boti. Ukiniona nimeanza kusema, "Ila Shaame, unajua wakati ule...", nikanyage mguu, Kombo. Nikanyage kwa nguvu. Hayo ndiyo niliyobakiwa nayo ya kukuusia.

Nasikia vespa inapinda kule kwenye duka la kona. Utaingia ukiuliza kama nimekubali ombi lako.

Aliyekufundisha kubishana, na leo anakuomba umnyamazishe,

Mama yako, Raya